Daraja ni la Kifurushi: Upangaji wa Hatari na Usafirishaji wa Mota za Roketi za Burudani



Mota ya roketi ya burudani ni bomba fupi lililojazwa fueli yabisi. Upande mmoja lina pua ya kutolea gesi. Upande wa pili, mara nyingi, lina kichelewesho kinachoungua polepole, na nyuma yake kiasi kidogo cha baruti ya kusukuma mwavuli nje roketi inapofika kileleni. Huwashwa kwa umeme, mrushaji akiwa amesimama mbali. Zilizo ndogo huenea kwenye kiganja cha mtoto. Zilizo kubwa hubebwa na watu wawili. Kabla ya kuruka, zote hupanda lori, meli au ndege zikiwa mzigo, na hapo ndipo zinapoingia kwenye sheria za bidhaa za hatari.

Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi mota hizo zinavyopangiwa madaraja ya hatari, kwa nini mbili zenye fueli ya aina moja huweza kupewa madaraja tofauti, na kwa nini mtu anayeruhusiwa kuimiliki mota huenda asiruhusiwe kuituma kwa posta. Hoja inayobeba mengine yote ni hii: daraja la hatari halielezi kilichomo ndani ya bomba peke yake. Linaeleza kitakachotokea kwa kifurushi, kikiwa kimefungwa vile kilivyofungwa, siku moto utakapokifikia. Mifano mingi imetoka Marekani, kwa kuwa huko ndiko burudani hii ilikoanzia, na ndiko kanuni zake zilikobishaniwa hadi mahakamani.

1. Usalama uliozaa tatizo la usafirishaji

Mwaka 1954, katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, Orville Carlisle, mwenye duka la viatu na mpenzi wa fataki, alitengeneza roketi ndogo ya karatasi na mbao nyepesi iliyosukumwa na mota ya baruti na kurudi chini kwa mwavuli. Ilikuwa miaka ya vijana wengi wa Marekani kuchanganya kemikali jikoni na kuzishindilia ndani ya mabomba ya chuma, na baadhi yao walipoteza vidole, macho au maisha. G. Harry Stine, mhandisi aliyefanya kazi kwenye uwanja wa majaribio wa White Sands, aliona kwamba kifaa cha Carlisle kilikuwa na dawa ya balaa hiyo. Kijana angenunua mota iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, asiguse baruti kabisa. Kampuni ya kwanza ya kuziuza ilianzishwa mwaka 1957. Mwaka 1959 Vernon Estes, huko Denver, akaunda mashine ya kushindilia mota hizo moja baada ya nyingine, na baadaye kiwanda chake kikahamia Penrose, Colorado.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini ulikuwa na gharama yake. Hatari iliondolewa jikoni ikapakiwa kwenye gari la mizigo. Tangu hapo burudani yote imetegemea swali moja la kibiashara: kiwanda kimoja kitawafikishiaje wateja, ambao wengi ni watoto na walimu wa sayansi, kitu chenye baruti, kwa njia wanazotumia watu wa kawaida?

Mota hupangwa pia kwa nguvu, na mpango huo usichanganywe na ule wa hatari. Herufi huonyesha msukumo jumla unaopimwa kwa nyutoni-sekunde, na kila herufi huongeza kikomo cha iliyotangulia mara mbili. A hufika 2.5, B hufika 5, C hufika 10, na kuendelea hivyo hadi G inayofika 160. Kuanzia H huanza mota za nguvu kubwa, ambazo mnunuzi lazima awe na cheti cha chama cha warushaji. M hufika 10,240. Mota iliyoandikwa C6-5 ina msukumo jumla wa kundi la C, msukumo wa wastani wa nyutoni 6, na kichelewesho cha sekunde 5. Herufi hizo zina manufaa makubwa kwa mrushaji. Kwa ofisa wa bandari hazisemi lolote.

2. Madaraja tisa, na vigawanyo vya daraja la kwanza

Bidhaa za hatari duniani hupangwa kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa, unaojulikana kwa kitabu chake chenye jalada la rangi ya chungwa, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1956 na kinachopitiwa upya kila baada ya miaka miwili. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga huukopa mfumo huo kwa ajili ya ndege, na lile la bahari kwa ajili ya meli, kisha nchi huuingiza katika sheria zao. Kwa njia hiyo maneno yanayosomwa na karani wa Rotterdam ndiyo yanayosomwa na karani wa Mombasa.

Madaraja ni tisa. La kwanza ni vilipuzi, la pili gesi, la tatu vimiminika vinavyowaka, la nne yabisi zinazowaka, la tano vioksidishaji, la sita sumu na vitu vya kuambukiza, la saba mionzi, la nane vitu vinavyobabua, na la tisa ni mabaki yasiyoingia penginepo. Wasikilizaji wasidhani kuwa mambo haya yako mbali nao: betri ya lithiamu iliyomo katika kila simu ukumbini humu ni bidhaa ya hatari ya daraja la tisa.

Daraja la kwanza hugawanywa tena. Kigawanyo 1.1 ni cha vitu vinavyolipuka kwa wingi, yaani shehena yote kwa mpigo. Cha 1.2 ni cha vinavyorusha vipande. Cha 1.3 ni cha vinavyotoa moto mkali, pengine na mshindo au vipande kidogo. Cha 1.4 ni cha vitu ambavyo hatari yake ni ndogo na kwa sehemu kubwa haitoki nje ya kifurushi. Vya 1.5 na 1.6 havihusiki na mota za burudani, na vinaweza kuachwa hapa.

Baada ya tarakimu huja herufi ya kundi, inayoonyesha ni vitu gani vinaweza kupakiwa pamoja. C ni la fueli za kusukuma zinazoungua kwa kasi, G ni la vitu vya fataki, na D ni kundi lenye baruti nyeusi pamoja na vilipuzi vya mshindo mkubwa. S ndilo kundi linalotafutwa na kila mtengenezaji. Hupewa kitu kilichofungwa hivi kwamba kikiwaka kwa bahati mbaya madhara yake hubaki ndani ya kifurushi. Na hata moto ukiwa umekwisha kuharibu kifurushi, mshindo na vipande haviwi vikubwa kiasi cha kuwazuia wazima moto kufanya kazi karibu yake. Mzigo wa S huweza kupakiwa pamoja na karibu makundi yote mengine ya vilipuzi, isipokuwa A na L.

Katika maelezo hayo ya S hamna jina la kemikali, hamna uzito, hamna jina la mnunuzi. Aliyefikiriwa ni mzima moto aliyesimama karibu na lori linalowaka.

3. Jaribio la moto

Kwa kuwa daraja ni jibu la swali kuhusu moto, hupatikana kwa kuwasha moto. Umoja wa Mataifa una mwongozo wa majaribio, na mota mpya hupitishwa humo kabla ya kupelekwa sokoni. Yapo majaribio ya awali ya kugonga, kusugua na kupasha joto. Katika mojawapo kitu huwekwa kwenye nyuzijoto 75 za Selsiasi kwa saa 48, na hakitakiwi kuwaka wala kuharibika kwa namna ya hatari. Kontena lililoachwa juani gatini hupata joto kali, lakini kipimo kimewekwa juu zaidi ya hapo. Katika jingine kifurushi huangushwa kutoka urefu wa mita 12. Mengi ya haya humalizika bila kisa.

Yanayoamua ni majaribio ya mfululizo wa sita, na yanastahili kuelezwa kwa hatua.

Hatua ya kwanza hushughulika na kifurushi kimoja. Mota moja ndani yake huwashwa kwa makusudi, kifurushi kikiwa kimezungukwa na mchanga au masanduku yaliyojazwa udongo, na chini yake pakiwa na bamba la chuma. Linaloangaliwa ni kama mota moja ikiwaka huziambukiza jirani zake, na kama bamba linapinda, linatoboka au linabaki salama. Hatua ya pili hurudia hayo kwa rundo la vifurushi, ili ionekane kama moto au mlipuko hupita kutoka kifurushi kimoja hadi kingine. Hatua hizi hurudiwa mara tatu kila moja, kwani jambo lisilotokea mara ya kwanza huweza kutokea mara ya tatu.

Hatua ya tatu ni moto wa nje. Rundo la vifurushi huwekwa juu ya wavu wa chuma, chini yake pakawashwa kuni au mafuta ya kutosha kuwaka kwa muda wa nusu saa au mpaka vilivyomo viishe. Umbali wa mita 4 kutoka kwenye rundo, pande tatu, husimamishwa mabamba ya alumini yenye ukubwa wa mita 2 kwa 2. Mabamba hayo ndiyo mashahidi. Yakitobolewa na vipande, kitu kimeelekea kigawanyo 1.2. Tufe la moto likivuka mabamba, au ulimi wa moto ukiruka zaidi ya mita 3 kutoka kwenye miali ya kuni zenyewe, kimeelekea 1.3. Vikibaki vipande vyepesi na miali mifupi, ni 1.4. Hata nguvu ya kipande kinachoruka hukadiriwa: kipande cha metali chenye nishati inayozidi jouli 20 hukiondoa kitu kwenye 1.4, na kinachozidi jouli 8 hukinyima herufi S.

Hapa ndipo mota za roketi zinapokuwa na tabu yao ya pekee. Fataki ikiwaka ndani ya sanduku hutawanyika. Mota ikiwaka husukuma, maana hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa. Mota iliyo kamili, yenye kasha la alumini na pua, huweza kutoboa sanduku na kuruka. Kasi ya kuungua kwa fueli yabisi hutegemea mgandamizo wa gesi iliyoizunguka. Ndani ya kasha lililofungwa, ambamo mgandamizo hufika makumi ya mara zaidi ya ule wa hewa ya kawaida, fueli huungua kwa kasi kubwa. Fueli hiyo hiyo ikiwa nje ya kasha huungua polepole zaidi na haisukumi chochote. Watengenezaji wanalifahamu hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilipoanza kuuzwa mota za kujazwa upya, ambazo mrushaji hununua kasha mara moja kisha vipande vya fueli kila anaporusha, faida yake kwenye usafirishaji ilikuwa kubwa pia: kinachosafiri ni fueli isiyokuwa ndani ya kasha la kuhimili mgandamizo. Kwa mota ndogo za karatasi, unene wa mrija, idadi katika pakiti na ugumu wa katoni huamua kama moto utaruka kutoka moja hadi nyingine.

Kwa sababu hiyo, nchini Marekani kibali cha daraja hutolewa kwa kitu pamoja na namna kilivyofungwa. Maabara iliyoidhinishwa hukichunguza, Wizara ya Uchukuzi hukipa namba ya kibali, na namba hiyo husafiri na mzigo au hati zake. Muuzaji anayefungua katoni la kiwanda na kupanga mota upya kwenye sanduku la viatu hajapunguza uzito wowote wala kubadili kemikali yoyote, lakini kibali hakimhusu tena.

4. Kemikali moja, madaraja mengi

Baruti nyeusi, ikiwa imepakiwa yenyewe kwa wingi, ni 1.1D, kigawanyo kikali kuliko vyote. Baruti hiyo hiyo ikishindiliwa ndani ya mrija wa karatasi wenye pua ya udongo, gramu kumi na kitu kwa mota, ikapangwa kwenye pakiti za kiwanda, huweza kupata 1.4S. Na iko njia ya tatu: kanuni za Marekani huruhusu baruti ya bunduki ndogo, ikiwa katika makopo yasiyozidi gramu 454 na jumla isiyozidi kilo 45.4 ndani ya gari moja, isafiri kama yabisi inayowaka ya daraja la nne. Hakuna utata wowote hapo, ila kwa msikilizaji anayetaka daraja liwe sifa ya kemikali.

Mfano ulio mzito zaidi ni amoni pakloreti, chumvi nyeupe inayotoa oksijeni katika fueli ya mota nyingi za nguvu kubwa, ikiwa imechanganywa na mpira wa kutengenezwa kiwandani na unga wa alumini. Orodha ya Umoja wa Mataifa inaitaja mara mbili. Kwa namba UN1442 ni kioksidishaji cha daraja la tano. Kwa namba UN0402 ni kilipuzi, 1.1D. Tofauti hutokana hasa na ukubwa wa chembe na namna ya kufungasha, na kitabu chenyewe kinakiri kwamba mpaka kati ya hali hizo mbili haujachorwa kwa majaribio, hivyo kila shehena yenye shaka ipimwe. Aliyewahi kuona gogo likikataa kushika moto huku vumbi la mbao la kiwandani likishika kwa cheche moja hatashangaa.

Tarehe 4 Mei 1988, huko Henderson, Nevada, kiwanda cha PEPCON kilichotengeneza amoni pakloreti kwa ajili ya roketi kubwa kilishika moto na kulipuka mara kadhaa. Watu 2 walifariki na mamia walijeruhiwa, na majengo yaliharibika maili kadhaa kutoka hapo. Shehena kubwa ya kitu ambacho kwa kawaida husafirishwa kama kioksidishaji ilikuwa imerundikana mahali pamoja baada ya safari za vyombo vya anga kusimamishwa kufuatia ajali ya kimojawapo, Challenger. Wingi, ukaribu na moto vilifanya ambacho jina la daraja lisingekitabiri. Tukio hilo husaidia kukumbuka kwamba daraja la usafirishaji limepimwa kwa vifurushi, si kwa maghala.

5. Namba, vikomo na njia

Mota za roketi hujitokeza kwenye orodha kwa majina kadhaa, na ofisa asiyejua hili hudhani anadanganywa. Mota kubwa huandikwa UN0186, mota za roketi, 1.3C. Katika muongo wa 2010 iliongezwa UN0510, jina hilo hilo kwa 1.4C, kwani kabla ya hapo mota ya hatari ndogo haikuwa na mahali pake na ililazimika kuazima jina la vitu vingine. Mota ndogo mara nyingi huandikwa UN0432, vifaa vya fataki vya 1.4S. Marekani ina namba zake pia, NA0276 kwa 1.4C na NA0323 kwa 1.4S, chini ya jina la mota za roketi za mfano. Lakini herufi NA humaanisha Amerika ya Kaskazini, na namba hizo hazipaswi kuandikwa kwenye shehena inayokwenda Ulaya, Asia au Afrika.

Juu ya haya vimewekwa vikomo vya gramu. Mota zenye fueli isiyozidi gramu 30 huweza, kwa kibali maalumu, kupangwa upya kuwa yabisi zinazowaka za daraja la nne na kusafirishwa kwa masharti mepesi ndani ya Marekani, hata kwa posta inayopita nchi kavu. Ndiyo sababu ya kuwepo mota nyingi sokoni zenye gramu chache pungufu ya 30. Kikomo cha gramu 62.5 hupatikana kwenye kanuni za bidhaa za watumiaji wa kawaida. Gramu 125 za fueli, pamoja na uzito wa roketi wa gramu 1,500, ni mpaka wa mamlaka ya anga kati ya roketi ndogo na za nguvu kubwa. Vikomo hivi vina uzuri wa kupimika kwa mizani ya kawaida, lakini kwa ubora havikaribii jaribio la moto. Gramu 63 haziungui kwa namna tofauti na gramu 62.

Njia ya kusafirisha nayo hubadili sheria. Barabarani, gari lenye kiasi chochote cha 1.1, 1.2 au 1.3 hubandikwa mabango ya hatari. La 1.4 hubandikwa mzigo ukifika kilo 454, na dereva wa gari lenye mabango lazima awe na leseni yenye kibali cha bidhaa za hatari. Angani, 1.4C haipandi kabisa ndege ya abiria. 1.4S hupanda, kwa kiasi kidogo kwa kila kifurushi. Abiria mwenyewe, hata hivyo, haruhusiwi kuweka mota yoyote ya roketi kwenye begi lake, liwe la mkononi au la chini. Kwa hiyo yawezekana mota iliyotolewa kwenye begi la mwanafunzi katika ukaguzi ikawa ya aina ile ile iliyomo katika sehemu ya mizigo chini ya kiti chake. Iliyoko chini imejaribiwa, imefungwa, imetangazwa na kuandikwa kwenye hati ya rubani. Ya kwenye begi haina hata kimoja kati ya hayo.

Upande wa pili wa jambo hilo ni gari binafsi. Kanuni za usafirishaji za Marekani hulenga biashara. Mtu anayeendesha gari lake mwenyewe, akibeba mota zake kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, hayumo ndani yake. Anaweza kupitisha kilo kadhaa za fueli katika majimbo matatu hadi kwenye uwanja wa kurushia, lakini hawezi kuziacha kwenye kaunta ya kampuni ya vifurushi bila mafunzo, hati na lebo. Ndiyo maana wauzaji wengi huenda na mota hadi uwanjani siku ya kurusha, na vilabu huagiza kwa pamoja ili kugawana ada ya mzigo wa hatari, ambayo hutozwa kwa sanduku na huweza kuzidi bei ya mota ndogo iliyomo.

6. Swali la mahakama halikuwa swali la lori

Watu wengi wanaofuata habari hizi hukumbuka kwamba mahakama ya Marekani iliamua fueli ya amoni pakloreti si kilipuzi. Kumbukumbu hiyo si sahihi, na imewaingiza baadhi ya watumaji matatani.

Ofisi ya shirikisho inayosimamia silaha na vilipuzi, ATF, huwa na orodha ya vilipuzi ambavyo kuvimiliki na kuvihifadhi huhitaji leseni. Fueli ya mchanganyiko wa amoni pakloreti ilikuwa kwenye orodha hiyo tangu mwaka 1971. Mwaka 2000 vyama viwili vya warushaji, National Association of Rocketry na Tripoli Rocketry Association, viliishtaki ofisi hiyo. Madai yao yalihusu kasi: fueli ya aina hiyo huungua kwa milimita kwa sekunde, ilhali uunguaji wa kilipuzi hutajwa kwa mita kwa sekunde. Sheria mpya iliyoanza kutumika Mei 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, iliongeza uzito wa kesi hiyo, kwa kuwa ilidai kibali kutoka kwa watu wengi zaidi. Februari 2006 Mahakama ya Rufaa mjini Washington iliona kwamba ATF haikueleza vya kutosha, kwa takwimu, ilivyofikia uamuzi wake, ikairudishia kazi. Machi 2009 Jaji Reggie Walton alitengua uwekaji wa fueli hiyo kwenye orodha.

Kilichofutwa ni hitaji la leseni ya kumiliki. Wizara ya Uchukuzi haikuwa mshtakiwa, na majaribio ya moto hayakuguswa. Siku iliyofuata hukumu, katoni la mota kubwa lilikuwa bado 1.3C kama lilivyokuwa jana yake. Wala hapakuwa na mgongano wowote. Sheria moja iliuliza nani awe na kitu hicho nyumbani, nyingine ikauliza kitafanya nini lori likiungua. Mamlaka ya anga nayo huuliza swali la tatu, roketi itafika wapi na nani yuko juu yake. Ofisa anayejibu swali moja kwa jibu la jingine hukosea hata akiwa na kitabu sahihi mkononi.

7. Kutangaza mzigo

Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet, safari namba 592 kutoka Miami kwenda Atlanta, ilianguka kwenye kinamasi cha Everglades na kuua watu wote 110. Sehemu ya mizigo ilikuwa na masanduku ya vitoa oksijeni vya kikemikali, vilivyofungwa bila vifuniko vya usalama, huku hati zikieleza kuwa ni vitupu. Havikuwa mota za roketi, lakini funzo linahamishika bila kupungua. Kitu kile kile, kikiwa kimetangazwa, kisingeruhusiwa kupakiwa. Katika mota za burudani, tatizo halisi analokutana nalo mkaguzi si 1.3C iliyoandikwa vizuri. Ni kifurushi kilichoandikwa «vifaa vya kuchezea» na mtumaji aliyekwepa ada. Ndiyo sababu sheria za Marekani humtaka kila mfanyakazi anayeshughulikia mizigo ya hatari afunzwe upya kila baada ya miaka mitatu, na za anga hudai mafunzo hayo kila baada ya miezi 24.

8. Kazi iliyo mbele Afrika Mashariki

Kenya na Tanzania tayari hupokea bidhaa za daraja la kwanza. Baruti za migodi hupita bandarini, na fataki za mwaka mpya huja zikiwa na namba UN0336 au UN0335 kutegemea kama ni 1.4G au 1.3G. Sheria za vilipuzi za nchi zote mbili husimamiwa na sekta ya madini, na waombaji wake wa kawaida ni wachimbaji na wapasua miamba. Sasa kuna mwombaji wa aina nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, huko Juja, wanafunzi wa mradi wa Nakuja wameshaunda na kurusha roketi zao. Wengine watafuata.

Wenye nia hiyo wana njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza mota zilizokwisha kupangiwa daraja. Watahitaji nakala ya kibali cha nchi ya asili, namba ya UN isiyo ya Amerika ya Kaskazini pekee, ruhusa ya mamlaka ya vilipuzi ya nchi inayopokea, na kampuni ya meli iliyo tayari kubeba daraja la kwanza kwa kiasi kidogo, jambo ambalo ni gumu kuliko ruhusa yenyewe. Posta haiwezi kutumika: mikataba ya posta ya kimataifa hukataza vilipuzi.

Njia ya pili ni kutengeneza fueli hapa hapa, na vyuo vingi duniani hutumia naitreti ya potasiamu pamoja na sukari. Hapa tahadhari inahitajika. Naitreti ya potasiamu ni kioksidishaji, UN1486, nayo hununuliwa kama mbolea. Sukari haina daraja lolote. Zikiisha kupikwa pamoja na kumiminwa kwenye kasha, kinachopatikana ni kilipuzi kipya ambacho hakijajaribiwa, na kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kitu cha namna hiyo hakisafirishwi hadi mamlaka husika ikipangie daraja. Mota iliyotengenezwa kwenye karakana ya chuo na kurushwa kwenye uwanja ulio umbali wa kilomita mia mbili inapaswa kuwa na jibu la swali hilo kabla gari halijawashwa.

Majaribio ya mfululizo wa sita hayahitaji mashine za bei kubwa. Yanahitaji uwanja wenye ulinzi, mabamba ya chuma na ya alumini, kamera, vipima joto, kuni, na watu waliofunzwa kusoma matokeo. Migodi ina viwanja, vikosi vya zimamoto vina watu, na vyuo vikuu vina wanafunzi wenye mota za kujaribiwa. Kinachosubiriwa ni mamlaka za madini kuteua maabara moja katika kanda na kuipa mwongozo wa majaribio, ili kibali cha kwanza cha mota iliyotengenezwa Afrika Mashariki kiandikwe hapa hapa.